Maswali kwa Mkutubi: Utafiti wa maktaba kwa simu ya mkononi

Barua za mwezi huu zimefanana kana kwamba walioziandika walikaa benchi moja. Karibu zote zinauliza ni programu gani ya simu itakayomsaidia mwanafunzi kutafuta, kusoma na kupanga marejeo ya kazi yake. Nimechagua tano; zilizorudia jambo lile lile nimezijibu ndani ya hizo, na majina ya walioandika nimeyaacha kama walivyoomba.

Mama Mkutubi, shikamoo. Ninasoma mwaka wa tatu hapa Morogoro na ninaandika ripoti ya utafiti wa shahada ya kwanza. Msimamizi wangu ameniagiza nipange marejeo kwa Mendeley, lakini nikiitafuta kwenye simu siioni. Badala yake nimepakua programu nane za kupanga marejeo, na kila moja baada ya siku chache inadai malipo. Kompyuta sina, kazi ninaichapa steshenari. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Wewe huna kosa, na msimamizi wako naye hana kosa kubwa. Mendeley ilianzishwa London mwaka 2007, ikanunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2013, na kwa miaka kadhaa ilikuwa na programu ya simu iliyopendwa sana na wanafunzi. Machi 2021 wenyewe waliiondoa hiyo ya simu wakabaki na ya kompyuta, na bila shaka msimamizi wako anaikumbuka ile ya zamani. Hizo nane ulizopakua zifute leo, kwa sababu zinakula nafasi na zinakuchosha kichwa bure.

Pakua moja tu, Zotero. Ilizaliwa mwaka 2006 katika kituo cha wanahistoria cha Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na labda ndiyo sababu inaelewa dhiki ya mtu anayehangaika na karatasi nyingi. Ni ya bure. Toleo la iPhone lilitoka mwaka 2022, na la Android likafuata baadaye. Ukijiandikisha, orodha yako ya marejeo huhifadhiwa pia nje ya simu bila kikomo, na kwa mafaili yenyewe, yaani makala unazopakua, hupewa nafasi ya megabaiti 300 bila malipo. Usiruke hatua hiyo ya kujiandikisha. Kuna kijana aliyefika mezani kwangu wiki mbili kabla ya kukabidhi kazi, simu imeibiwa kwenye daladala na marejeo yote yalikuwa humo. Tuliketi tukaanza upya, kitabu kimoja kimoja, kwa kumbukumbu ya rangi za majalada.

Matumizi yake maktabani ni mepesi. Unashika kitabu, unafungua programu, unaelekeza kamera kwenye ile mistari myeusi iliyo nyuma ya jalada, na taarifa za kitabu zinajijaza zenyewe. Hapo, hata hivyo, utakutana na jambo ambalo waliotengeneza programu hizi hawakulifikiria sana. Kitabu kilichochapishwa Tanzania huwa na namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu, ambayo baada ya tarakimu 978 mara nyingi huendelea na 9976 au 9987, na cha Kenya mara nyingi huendelea na 9966. Vitabu vingi vya namba hizo havimo katika hifadhidata ambazo programu inazitegemea, kwa hiyo kamera itasoma namba vizuri kisha skrini itabaki tupu. Usidhani simu yako ni mbovu. Jaribu kwanza katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo tangu mwaka 1966 ina ofisi Nairobi inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, na kwa hiyo ina vitabu vingi vya Kiswahili kuliko unavyoweza kudhani. Usipokipata huko, geuza ukurasa wenye jina la kitabu, soma nyuma yake, na uandike mwenyewe kwa mkono jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji na mji.

Kuna kasoro nyingine ambayo naomba uitazame kwa macho yako. Mwandishi anayetajwa katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Programu isipoelezwa kwamba hilo ni jina la taasisi, hulikata kama jina la mtu, ikafanya neno la mwisho kuwa jina la ukoo, na katika orodha yako akatokea mtu aitwaye "Kiswahili, T. ya U. wa". Nimekutana na bwana huyo katika tasnifu zaidi ya moja zilizokwisha kujaladiwa. Dawa yake ni kufungua sehemu ya mwandishi, kubadili visanduku viwili vya jina viwe kimoja, na kuandika jina zima la taasisi humo.

Kuhusu steshenari, huhitaji kuweka programu yoyote kwenye kompyuta ya watu. Watengenezaji wa Zotero wana tovuti iitwayo ZoteroBib, ambayo haitaki ujiandikishe. Unaifungua kwenye kivinjari cha simu yako, unaingiza vyanzo ulivyotumia, unachagua mtindo ambao chuo chako kinautaka, kisha unajitumia orodha iliyokamilika kwa barua pepe ili anayekuchapia aibandike mwishoni mwa kazi. Isome kabla hajaibandika, kwa sababu ya yule bwana.

Assalaam aleikum. Ninasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Unguja. Kila makala ninayoihitaji, nikiibofya, inataka dola thelathini au zaidi. Nikiwa chuoni baadhi zinafunguka, nikirudi nyumbani hazifunguki. Kuna programu ya kuzifungua?

Waaleikum salaam. Usilipe hata senti moja kabla ya kumaliza kusoma jibu hili. Zile zinazofunguka chuoni zinafunguka kwa sababu chuo kimezilipia, au kimepewa haki ya kuzisoma, na mchapishaji anautambua mtandao wa chuo kwa anwani yake. Ukiwa nyumbani unatumia bando lako, naye hakujui. Unachohitaji ni njia ya kumthibitishia kwamba wewe ni mwanafunzi wa chuo hicho, na njia hiyo huwekwa na maktaba yako. Baadhi ya vyuo vya Kenya, kwa mfano, vinatumia programu ya simu iitwayo MyLOFT, ambamo mwanafunzi huingia kwa anwani ya barua pepe ya chuo na kuyakuta majarida yote yaliyolipiwa mahali pamoja. Vyuo vingine hutoa nywila ya kuingilia kwenye ukurasa wa maktaba. Kwa hiyo swali la kumpelekea mkutubi wako si "programu gani nipakue", bali "nikiwa nje ya chuo ninaingiaje". Anayo majibu, na mara nyingi anashangaa kwa nini haulizwi.

Kwa masomo ya afya una bahati kuliko wengi. Hinari, inayosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, ilianza mwaka 2002 ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Sasa ni sehemu ya mpango mpana uitwao Research4Life, wenye pia mlango wa kilimo, wa mazingira, wa teknolojia na wa sheria. Nywila yake hupewa taasisi na si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hata hapo utarudi kwenye meza ile ile ya mkutubi.

Makala ikikugomea kabisa, tazama chini ya jina lake katika Google Scholar, ukurasa wa Google wa kutafutia makala za kitaaluma, penye kiungo cha matoleo mengine yote. Mara nyingi mwandishi mwenyewe ameweka nakala kwenye hazina ya chuo chake. Ukiwa katika PubMed, orodha kubwa ya makala za tiba mtandaoni, chagua kichujio cha makala kamili za bure. Kwa majarida ya bara letu kuna AJOL, yenye makao yake Afrika Kusini, ambayo imekuwa mtandaoni tangu mwaka 1998. Nao JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, humruhusu mtu yeyote aliyejiandikisha kusoma makala 100 kwa mwezi kwenye skrini bila malipo, ingawa si kuzipakua. Haya yote hufunguka katika kivinjari cha kawaida bila kupakua programu mpya. Na ukikwama kote huko, mwandikie mwandishi barua fupi ya adabu. Watafiti hupenda kusomwa, na wengi hujibu.

Ninafanya utafiti kuhusu VICOBA vya wanawake hapa Dodoma. Nikiandika mada yangu yote kwa Kiingereza kwenye Google Scholar napata matokeo maelfu kwa maelfu; nikiandika "VICOBA Dodoma" napata machache, na mengi ni tasnifu za wenzangu. Rafiki yangu analipia programu inayodai kutafuta yenyewe. Niifuate?

Usiifuate bado. Hakuna programu itakayokupatia neno usilolijua, na shida yako yote iko kwenye maneno. Fungua daftari la simu, lile lililokuja na simu yenyewe, kisha uandike kila jina ambalo jambo lako limewahi kuitwa.

Anza na asili yake. Mfumo wa vikundi hivi vya kuweka na kukopa ulichipukia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukasambaa nchi nyingi za Afrika, na kila ulikofika ukapewa jina la huko. Watafiti wanaoandika kwa Kiingereza huuita "village savings and loan associations", na wengine hufupisha kuwa "savings groups". Ukitafuta VICOBA peke yake umejifungia Tanzania, na hutaona kilichoandikwa kuhusu Malawi, Uganda au Mali, ambako wanawake wanakutana kila wiki chini ya mti kama hao wa kwenu wakiwa na sanduku lile lile la kufuli tatu. Upatu, ambao ni ndugu yake mkubwa, katika maandiko huitwa "rotating savings and credit associations", na Kenya neno ni chama, ambalo watafiti wameliingiza kwenye Kiingereza chao likiwa hivyo hivyo. Kisha kuna jina la kisheria: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliweka vikundi kama hivi katika daraja la nne, la vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, na nyaraka za serikali za baada ya hapo hulitumia jina hilo. Mtu aliyetafuta kwa jina moja tu ataandika katika mapitio yake kwamba jambo hili halijatafitiwa vya kutosha, ilhali limetafitiwa kwa majina matano.

Ukishakuwa na maneno, ndipo simu inapoanza kukusaidia. Yafunge majina marefu kwa alama za kunukuu ili yatafutwe yakiwa pamoja, na uweke kikomo cha miaka. Usiandike mada nzima kama ilivyo kwenye jalada la pendekezo lako. Andika maneno mawili au matatu, tazama kinachokuja, ubadilishe moja, utafute tena. Ukipata makala moja nzuri, ikamue. Soma marejeo yake ili kurudi nyuma, na ubofye idadi ya walioinukuu ili kwenda mbele. Ukienda hivyo kwa upatu, mapema utafika kwenye makala ya mwanaanthropolojia Clifford Geertz ya mwaka 1962, na kutoka hapo utaona jinsi wengine wote waliofuata wanavyobishana nayo. Njia hiyo huchukua jioni moja, na hukupa ramani ambayo orodha ya matokeo elfu kumi haiwezi kukupa.

Halafu ifungue katalogi ya maktaba yenu. Katalogi nyingi za siku hizi zinafunguka vizuri kwenye simu, lakini wanafunzi huzipita wakienda Google. Ukikipata kitabu kimoja kinachokufaa, bofya vichwa vya mada vilivyo chini ya maelezo yake, vitakuletea ndugu zake waliomo maktabani. Iandike namba ya rafu, kisha nenda ukasimame pale. Maktaba inayotumia mfumo wa Dewey huviweka vitabu vya ushirika katika 334 na vya mikopo na benki katika 332, kwa hiyo mada yako imegawanyika rafu mbili, na hakuna programu itakayokwambia kitabu gani kimekaa jirani na kile ulichokifuata. Unapopiga picha kurasa unazozihitaji, picha ya kwanza iwe ya ukurasa wa jina la kitabu na ya pili iwe ya nyuma yake. Simu za wanafunzi zimejaa kurasa 47 za kitabu kisichojulikana, na huwa naletewa nikitambue kwa aina ya herufi.

Mimi ni mzazi, Mwanza. Binti yangu yuko kidato cha tano katika shule ya bweni ambako simu haziruhusiwi. Anataka nimnunulie simu ya kisasa kwa ajili ya utafiti wa likizo. Je, ni lazima?

Si lazima, mzazi mwenzangu. Kama nyumbani kuna simu au kompyuta ya familia, iwekee programu ya Kiwix, ambayo ukishaipakulia yaliyomo mara moja mahali penye intaneti nzuri, humwezesha msomaji kuifungua Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, bila bando. Mfundishe kushuka hadi mwisho wa makala yalipo marejeo, kwa sababu mwalimu wake hatakubali Wikipedia yenyewe kuwa chanzo. Asubuhi mbili kwa wiki mpeleke katika maktaba ya mkoa ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ada ya uanachama si kitu ukiilinganisha na bei ya simu.

Ndugu Mkutubi, mimi ni mwanachuo wa ualimu, Mbeya. Niliiomba programu ya akili unde iniandikie orodha ya vyanzo kumi kuhusu ufundishaji wa kusoma katika madarasa ya awali. Ilinipa kumi vizuri sana, vikiwa na waandishi, miaka na kurasa. Nimevitafuta, na vitatu sivipati popote. Je, maktaba yetu ni duni, au ninakosea kutafuta?

Maktaba yenu haina neno, na wewe hujakosea. Vitatu hivyo yaelekea havipo duniani. Programu hizi zimefunzwa kupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejeo ni mpangilio wa maneno ulio rahisi mno kuiga: jina la ukoo linalofahamika katika fani, mwaka usio mbali, jarida linalojulikana, kurasa za kubuni. Aliyekutengenezea hakukusudia kukudanganya. Hajui tofauti kati ya kilichochapishwa na kinachofanana na kilichochapishwa. Mawakili wawili wa New York walijifunza hayo Juni 2023, walipotozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao kwa kuipelekea mahakama kesi kadhaa ambazo hazikuwahi kuamuliwa na jaji yeyote, zote zikiwa zimebuniwa na ChatGPT.

Hakiki hivi. Makala nyingi za kitaaluma zina namba ya DOI, ambayo huanza na 10 na nukta. Iandike kwenye kivinjari baada ya doi.org na mkwaju (/), na kama ni ya kweli utafikishwa kwenye makala yenyewe. Ikikufikisha kwenye makala nyingine, basi namba iliazimwa kutoka kwingine, jambo ambalo nimeliona. Kama hakuna DOI, tafuta tovuti ya jarida, fungua toleo na mwaka uliotajwa, na usome yaliyomo katika kurasa hizo. Kwa kitabu, tafuta jina lake katika WorldCat, katalogi inayounganisha maktaba za nchi nyingi. Zingatia tu kwamba kitabu cha hapa nyumbani kinaweza kukosekana humo na bado kiko kwenye rafu yenu, kama nilivyomweleza mwenzako wa Morogoro.

Vile saba ulivyovipata navyo usivitaje kabla ya kuvisoma. Programu inaweza kukupa makala ya kweli na kuisingizia jambo ambalo haikulisema, na kosa hilo ni gumu kulinasa kuliko lile la kwanza. Viingize katika Zotero, ambayo tangu mwaka 2019 humwonya mtumiaji pale makala aliyoihifadhi inapokuwa imefutwa na jarida lililoichapisha, kisha fungua kimoja kimoja na uandike kando, kwa maneno yako, sentensi mbili za kile ulichokikuta humo na namba ya ukurasa. Akili unde nakuruhusu uitumie mapema zaidi, kabla ya kutafuta: iulize mada yako huitwa majina gani mengine kwa Kiingereza, kwa sababu jina likiwa la uongo katalogi haitarudisha kitu na utapoteza dakika moja tu. Vile vitatu vifute, na katika nafasi yake mwombe mkutubi wa chuo chenu akuonyeshe mahali zinapokaa tasnifu za wanafunzi waliowatangulia. Mada ya kufundisha watoto kusoma haikuanza mwaka huu, na marejeo ya tasnifu hizo, yaliyoandikwa na watu walioketi kwenye meza hizo hizo, yatakuwa na mengi yaliyomo katika rafu za chuo chenu.